Kidonge Kipya cha Kifafa: Hofu Yako Ipeleke Kliniki

 Mpenzi msikilizaji, nazungumza na wewe uliye Maji ya Chai, Imbaseni, Kikatiti, King'ori, Ngurdoto na Usa River, nawe uliye juu mlimani Meru au kule mjini Arusha. 

Jioni ya leo nina mtu mmoja ninayetaka anisikie kwa makini. Ni yule aliyetoka kliniki wiki hii, pengine Tengeru, pengine Nkoaranga, pengine Mount Meru, akiwa ameandikiwa dawa mpya ya kifafa. Inawezekana ni dawa yake ya kwanza kabisa. Inawezekana ametumia nyingine kwa miaka, haikumsaidia vya kutosha, daktari akaamua kubadilisha. Amefika nyumbani, amefungua ile karatasi ndefu iliyokunjwa ndani ya boksi, akaanza kusoma: kizunguzungu, usingizi, vipele, matatizo ya ini, mabadiliko ya tabia. Alipofika mwisho wa karatasi, kidonge kilikuwa bado kiko mezani.

Mwingine hata boksi hakupewa. Vidonge vilihesabiwa, vikatiwa kwenye kimfuko kilichoandikwa 1x2, foleni ikasogea. Maelezo ameyapata baadaye, njiani au kwa jirani: "Hizo dawa, mwanangu, zinamfanya mtu awe zezeta." Naye usiku huu anajiuliza ameze au asimeze.

Ndugu yangu, hofu yako ni halali. Dawa za kifafa zina maudhi, na baadhi yake ni makubwa. Atakayekuambia kwamba hazina neno lolote hakutendei haki. Ninalokuja kukuambia leo ni kwamba hofu hiyo ina mahali pake pa kwenda, na mahali hapo ni kliniki. Ukiificha ukaamua peke yako kuacha dawa, unaingia kwenye hatari kubwa kuliko ile uliyokuwa unaikimbia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu huwezi kupima uzito wa dawa kabla ya kujua uzito wa kinachotibiwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Shirika hilohilo linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka, wakipimwa vizuri na kupewa dawa inayowafaa. Hata hivyo, katika nchi maskini watu watatu kati ya kila wanne wenye ugonjwa huu hawapati matibabu wanayohitaji. Wala tusidhani hayo ni mambo ya mbali. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, hapo kwa jirani zetu wa Kilimanjaro, walikuta zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawako kwenye dawa.

Na kifafa kisichotibiwa kina maudhi yake, ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya boksi. Mama anaangukia jiko la mafiga. Mtoto anaanguka akichota maji mtoni. Kijana anaanguka juu ya bodaboda kwenye barabara kuu ya Moshi, mabasi yanapopita kwa kasi. Mwanafunzi anaachishwa shule kwa sababu mwalimu na wenzake wanamwogopa.

Nchi hii ina historia ndefu katika jambo hili, na inafaa tuikumbuke. Mwaka 1960, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika milima ya Ulanga mkoani Morogoro, kwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu alipoangukia moto wenzake waliogopa kumgusa wakiamini ugonjwa utawarukia kupitia mate yake. Alikuta waliotengwa, wanaokula peke yao na kulala peke yao. Dawa aliyowapa ilikuwa ya bei ndogo, fenobabito. Watu waliokuwa wamekatiwa tamaa walirudi shambani na kukaa tena na wenzao. Hofu yenyewe, hata hivyo, haikuisha haraka. Madaktari wa Kitanzania waliowahoji wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 wa Ulanga, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1993, walikuta karibu wanne kati ya kumi bado wanaamini kifafa kinaambukiza.

Hakiambukizi, msikilizaji. Narudia kwa ajili ya aliyewasha redio sasa hivi: kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa kula sahani moja. Mtu akianguka mbele yako, mwondoe kwenye hatari, mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa chake, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na uangalie saa. Ikizidi dakika 5 bila kutulia, au akipata degedege nyingine kabla hajazinduka, mpeleke hospitali mara moja.

Sasa turudi kwenye kidonge chako. Kwa nini dawa ya kifafa ilete usingizi na kizunguzungu? Ubongo wetu hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kati ya seli na seli. Mtu anaanguka pale kundi la seli linapotoa umeme kwa pamoja, kwa nguvu, bila mpangilio. Dawa hutuliza msukosuko huo. Lakini kidonge kikishaingia kwenye damu hakiendi kwenye zile seli zilizochafuka peke yake. Kinafika ubongo mzima, na kinagusa pia seli zinazokufanya uwe macho, zinazokufanya utembee bila kuyumba, zinazoyaongoza macho yako yote mawili kutazama kitu kimoja. Ndiyo maana siku za mwanzo unaweza kusinzia, kuyumba, au kuona vitu viwiliviwili. Maudhi ya aina hii yanakwenda na kiasi cha dawa kilichomo mwilini. Kiasi kikipungua, nayo hupungua. Mengi hufifia yenyewe mwili unapozoea.

Hapo utaelewa kwa nini daktari amekuanzishia dozi ndogo na kukuambia uipandishe polepole. Wapo wanaoona dozi ndogo kama dharau, wanasema, "Mimi ninaanguka kila wiki, hiki kinusu kidonge kitanisaidia nini?" Kisha wanajiongezea. Usifanye hivyo. Chukua mfano wa lamotrijini, dawa inayopandishwa kwa wiki kadhaa. Anayeiruka ngazi hiyo anajiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya vipele vibaya. Na kama mgonjwa tayari anatumia valproeti, lamotrijini hupandishwa taratibu zaidi, kwa sababu valproeti huizuia isitoke mwilini kwa kasi ya kawaida.

Fenobabito nayo ina mwendo wake. Ni dawa ya zamani sana. Mwaka 1912 daktari kijana wa Kijerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa hiyo ili walale usiku, akaona jambo ambalo hakulitarajia: wakawa wanaanguka mara chache kuliko zamani. Imepita miaka zaidi ya mia, na bado inatibu watu wengi Afrika kwa sababu inafanya kazi na bei yake ni ndogo. Inakaa mwilini muda mrefu. Baada ya siku tatu hivi, hata nne, nusu ya ulichomeza bado iko ndani yako. Kwa hiyo inachukua wiki mbili hadi tatu kiasi chake kutulia kwenye damu. Ukiimeza Jumatatu, Alhamisi ukasema haikufai, umeamua kabla dawa haijakaa. Kwa watu wazima usingizi wa mwanzo mara nyingi hupungua. Kwa watoto wengine dawa hii huleta kinyume, mtoto anakuwa mkorofi, hatulii darasani, masomo yanamshinda. Mama, ukiona hivyo, usimchape mtoto. Mrudishe kliniki ukaeleze.

Kabamazepini, ambayo wengi wenu mnaifahamu kwa jina la Tegretol, ina tabia nyingine. Inaliamsha ini likaanza kuivunja haraka zaidi, hiyo dawa yenyewe. Kwa hiyo kizunguzungu na macho mawilimawili vya mwanzo mara nyingi hupoa baada ya wiki chache, na daktari anaweza kuhitaji kuongeza dozi. Finitoini inaweza kuvimbisha fizi na kuotesha nywele usoni. Usafi wa kinywa, kupiga mswaki asubuhi na jioni, husaidia fizi. Nalisema hili kwa uzito kwa vijana wetu wa hapa, ambao meno yao tayari yamebadilishwa rangi na floraidi ya maji yetu, na ambao wanaona haya kucheka mbele za watu. Daktari akijua kwamba fizi zinakuumiza moyo, anaweza kukutafutia dawa nyingine. Valproeti inaweza kuongeza uzito, kutetemesha mikono na kupunguza nywele. Levetirasetamu inaweza kumletea mtu hasira za ghafla au huzuni. Familia ielewe hilo. Baba aliyekuwa mpole akianza kufoka baada ya kubadilishiwa dawa, msianze kutafuta nani kamloga. Rudini kwa daktari.

Nchini Kenya, huko Nakuru, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 302 kwa mwaka mzima, wengine wakitumia fenobabito na wengine kabamazepini, wakihudumiwa katika kliniki za kawaida za vijijini na za mji mdogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Kati ya waliofika mwisho wa mwaka, zaidi ya nusu hawakuanguka hata mara moja katika miezi 6 ya mwisho, na wengine wengi walianguka mara chache zaidi. Dawa hizo mbili hazikupishana sana, wala kwa nguvu wala kwa maudhi. Wale walikuwa watu wa vijijini na wa mji mdogo, watu wa hali kama yangu na yako. Kilichowasaidia ni kidonge kinachomezwa kila siku na kliniki inayowafuatilia.

Msikilizaji, nimetaja maudhi yanayokwenda na dozi. Kuna aina ya pili, na hii ndiyo nataka uishike kichwani usiku huu. Haya hutokea kwa watu wachache ambao miili yao inaikataa dawa fulani, hata ikiwa dozi ni ndogo. Kubwa lake ni la ngozi. Kabamazepini, finitoini, fenobabito na lamotrijini zote zinaweza kulileta, na kwa kawaida hutokea ndani ya miezi miwili ya mwanzo. Ukiona vipele vinasambaa pamoja na homa, ukiona vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, ukiona ngozi inavimba malengelenge au kubanduka, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiwa na dawa zako mkononi. Huo unaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa uitwao Stevens-Johnson, ambao ni adimu lakini unaweza kuua. Madaktari watakusimamishia dawa hiyo na kukukinga na kifafa kwa dawa nyingine.

Nenda haraka vilevile ukiona macho yamegeuka njano, ukitapika bila kukoma, ukianza kutokwa damu au kupata michubuko bila sababu, au ukilala usingizi mzito ambao watu wanashindwa kukuamsha. Na ukianza kupata mawazo ya kujidhuru, hilo nalo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mwambie mtu wa nyumbani. Usione haya, kwa sababu dawa inaweza kugusa moyo wa mtu kama inavyogusa miguu yake.

Sasa nina neno kwa dada zangu na mama zangu. Valproeti ni dawa yenye nguvu na imewasaidia wengi, lakini ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Kwa kila wanawake kumi wanaoitumia wakiwa wajawazito, takriban mmoja huzaa mtoto mwenye kasoro kubwa ya maumbile, na watoto 30 hadi 40 kati ya kila 100 hupata matatizo ya kukua kwa akili na kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa wasianzishiwe dawa hiyo. Ikiwa unaitumia, usiitupe kesho asubuhi. Nenda kliniki uombe mazungumzo kuhusu kubadilisha. Na ikiwa tayari una mimba, usiache ghafla, maana kuanguka mfululizo kunaweza kukuua wewe pamoja na mtoto. Nenda upesi, madaktari wapange pamoja nawe.

Jambo jingine la kina mama ambalo kliniki nyingi hazilisemi: kabamazepini, finitoini na fenobabito hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na vijiti vya mkononi pia vinaweza kupungua nguvu. Unaweza kupata mimba ukidhani umejikinga. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriwi namna hiyo. Na mtu anayetumia ARV lazima amweleze daktari wa kifafa, kwa sababu dawa hizohizo tatu zinashusha kiwango cha baadhi ya ARV kwenye damu. Najua ni vigumu kulisema hilo kwenye chumba chenye watu. Omba kuzungumza pembeni. Ni haki yako.

Kama umekuwa kwenye dawa kwa miaka mingi, muulize daktari pia kuhusu mifupa. Finitoini, fenobabito na kabamazepini zikitumika muda mrefu zinaweza kupunguza vitamini D na kuidhoofisha mifupa. Hapa kwetu, ambako floraidi imeshapinda miguu ya watoto na kukakamaza migongo ya wazee, maumivu ya mifupa tunayachukulia kama jambo la kawaida. Usiyachukulie hivyo. Yataje.

Na nikishataja floraidi, niseme jambo moja ambalo watu wa ukanda huu mtalielewa kuliko mtu yeyote. Maji yetu yana madhara, na tumeyaona kwa macho kwenye meno ya watoto wetu. Lakini hakuna aliyeacha kunywa maji, maana bila maji mtu hufa. Tulichofanya ni kutafuta maarifa. Pale Ngurdoto wataalamu wa maji walifanyia kazi namna ya kuyachuja kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, kaya zikapata vichujio, na wengine wakatafuta chanzo chenye floraidi kidogo. Dawa ya kifafa tuiendee kwa akili hiyohiyo. Tuyajue madhara yake, tuyapunguze, tubadilishe chanzo inapobidi.

Kwa sababu kuacha ghafla, ndugu yangu, ndilo jambo baya kuliko yote. Ubongo uliozoea kutulizwa ukinyang'anywa kitulizo siku moja, unaweza kulipuka. Mtu anaanguka, kabla hajazinduka anaanguka tena, na tena, bila kukoma. Hali hiyo inaharibu ubongo na inaua. Fenobabito ni kali zaidi katika hili, na ndiyo maana daktari akitaka kuitoa huipunguza kidogokidogo kwa miezi. Hata kubadilisha dawa moja kwenda nyingine kwa kawaida hufanyika kwa kuingiza mpya huku ya zamani ikipunguzwa taratibu. Ukiwa katika kipindi hicho, epuka kupanda juu ya miti na ngazi, epuka bodaboda kama dereva, usipike peke yako kwenye moto wa wazi, na usiogelee wala kuoga mtoni bila mwenzako. Pombe nayo iache, iwe mbege au gongo, kwa sababu pamoja na fenobabito inaweza kuzima pumzi yako usingizini.

Sote tunakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Watu walikwenda kwa imani, nami siwalaumu. Mtu aliyechoka na ugonjwa sugu anatafuta tumaini popote. Lakini wapo waliokunywa na kuziacha dawa zao za hospitali wakidhani wamepona, na hali zao zikarudi vibaya. Somo hilo tulilipia gharama kubwa. Ukitaka kuombewa, ombewa. Ukitaka kwenda kwa mzee wa mitishamba, mwambie daktari ni mitishamba gani, kwa maana mingine inagongana na dawa. Lakini kidonge chako endelea kukimeza.

Basi utakapokwenda kliniki, useme nini? Watu wengi tukifika mbele ya daktari tunasema, "Shikamoo daktari, naendelea vizuri," tunapewa dawa zilezile, tunaondoka. Jaribu hivi: "Shikamoo, daktari. Kabla ya dawa hii nilikuwa naanguka mara mbili kwa wiki. Mwezi huu nimeanguka mara moja. Lakini mchana nasinzia hadi nashindwa kulima, na macho yananionyesha vitu viwili. Naogopa kuendelea hivi." Maneno hayo yanampa daktari kazi ya kufanya. Anaweza kupunguza dozi, kuihamishia usiku, kuigawa mara mbili, au kubadilisha dawa. Nunua daftari dogo. Andika tarehe uliyoanza, siku ulizoanguka na unavyojisikia. Kama hujui kuandika, mpe kazi hiyo mtoto anayesoma.

Na uulize. Dawa hii inaitwaje? Niimeze kabla au baada ya chakula? Nikisahau nifanye nini? Kwa kawaida ukisahau, meza ukikumbuka, ila usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Dalili gani zinirudishe haraka? Naweza kuitumia pamoja na dawa ya mseto nikipata malaria? Kwenye duka la dawa muhimu pia, kila unaponunua dawa yoyote, sema kwanza kwamba unatumia dawa ya kifafa.

Ukipata madhara makubwa, taarifa inapaswa kufika kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mhudumu wako wa afya anaweza kuipeleka, nawe mwenyewe una haki ya kuitoa. Taarifa yako inaweza kumwokoa mgonjwa mwingine usiyemjua.

Kwa wanaohudumu katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu, nami nasema kwa heshima: tunajua foleni ni ndefu na ninyi ni wachache. Lakini dakika tatu za maelezo siku dawa inapoanza zinaokoa maisha. Mgonjwa aliyeambiwa mapema kwamba atasinzia wiki mbili atavumilia. Asiyeambiwa ataitupa dawa chooni. Na kwa wanaosimamia ugavi wa dawa, kuanzia Bohari ya Dawa hadi kamati ya zahanati ya kijiji, mkumbuke kwamba dawa ya kifafa ikikosekana stoo kwa wiki mbili, mgonjwa ameachishwa dawa ghafla bila kosa lake. Fenobabito ni ya bei ndogo. Haistahili kukosekana.

Kwa familia: mkumbusheni, msimsimange. Mkimwona amelala mchana, msimwite mvivu. Mmoja wenu amsindikize kliniki, kwa sababu mwenye kifafa hajioni anapoanguka. Ninyi ndio mashahidi wake.

Na kwako wewe ambaye kidonge kiko mezani. Kama daktari amekuandikia, na mwilini hakuna dalili zile za hatari nilizozitaja, kimeze leo kwa wakati wake, na kesho pia. Panga siku ya kurudi kliniki. Hofu yote uliyonayo iandike, nenda nayo, iweke mbele ya daktari. Asipokusikiliza huyo, omba mwingine, omba rufaa. Usiache dawa peke yako.